Kesi za kufunga midomo: anayekushtaki hahitaji kushinda

Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, asubuhi ya Jumamosi, likaanguka jingine Kariakoo, na nchi nzima ikakesha ikifuatilia waokoaji waliokuwa wakizungumza na watu walionaswa chini ya kifusi. Baada ya misiba yote miwili, vijiweni na redioni watu waliuliza jambo moja: hivi hakuna aliyeona dalili?

Tuseme alikuwepo aliyeona. Fundi, mpangaji, au muuza duka wa jirani. Tuseme aliandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kwamba nguzo za jengo la fulani zina nyufa, na mwenye nalo anazidi kupandisha ghorofa. Akaweka na picha. Jengo halijaanguka bado, kwa hiyo hakuna wa kumshukuru. Lakini mwenye jengo yupo, ana wakili, na ana benki inayosubiri kusikia kama mradi unaendelea vizuri. Jirani huyo yatampata yapi?

Atapata barua. Nimewahi kuishika mkononi barua ya namna hiyo. Aliyeandikiwa ni mama mmoja wa mtaa wetu, mjumbe wa kamati ya mazingira, anayeendesha maisha kwa genge la mboga. Kosa lake lilikuwa kuandika sentensi chache na kuweka picha mbili za maji yenye povu yakitoka kwenye ukuta wa biashara moja na kuingia kwenye mtaro ambao watoto huuruka wakienda shule. Barua ilikuwa na kurasa tatu, nembo ya ofisi ya mawakili juu, muhuri chini, na kichwa cha herufi kubwa kilichopigiwa mstari: kusudio la kumfungulia shauri la madai ya kashfa. Alipewa siku saba afute alichoandika, aombe radhi kwenye magazeti mawili, na alipe shilingi milioni 500. Hakuna mahali barua ilipokana kwamba maji yanatoka. Ilisema tu kwamba maneno yake yameshusha hadhi ya kampuni machoni pa watu wenye fikra timamu.

Mama yule alifuta, akajitoa kwenye kundi, akajiuzulu na ujumbe wa kamati. "Jamani, mimi hiyo milioni 500 naitoa wapi? Wanichukulie hata kitanda?" Kesi haikufunguliwa. Haikuwa na haja ya kufunguliwa. Wiki chache baadaye hakuna mtu mwingine pale mtaani aliyegusa habari za mtaro.

Tukizungumzia uhuru wa maoni huwa tunawaza polisi, leseni za magazeti na jela. Hayo ni kweli na yameumiza watu. Lakini kuna njia ya kunyamazisha isiyohitaji dola kabisa. Mtu binafsi mwenye fedha anaweza kuitumia mahakama, chombo tunachokiheshimu, kumchosha mwenzake asiye na kitu. Hukumu si anachokitafuta. Anachokitafuta ni safari ya kwenda kwenye hukumu: ada ya wakili, shauri kutajwa, kuahirishwa, kutajwa tena, na usiku wa kuwaza nyumba itapigwa mnada lini. Kwa mwenye kampuni hayo ni matumizi ya ofisi. Kwa muuza genge ndiyo maisha yenyewe.

Wa kwanza kuzichunguza kesi hizi kwa utaratibu walikuwa wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Denver, Marekani, George Pring na Penelope Canan, katika miaka ya 1980. Walikuta watu wa kawaida kabisa wakiburutwa mahakamani kwa sababu waliandika barua kwa ofisa wa serikali, walisema neno kwenye mkutano wa hadhara, au walikusanya saini kupinga mradi. Nyingi ya kesi hizo zilishindwa. Lakini kushindwa hakukuwafuta machozi walioshtakiwa, kwa sababu walichopoteza hakirudishwi na hukumu: miaka, akiba, na ujasiri wa kusema tena.

Hapa kwetu Katiba ya mwaka 1977 haina kigugumizi. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na inaenda mbali zaidi kwa kumpa haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Ibara ya 30 nayo inaruhusu sheria zinazolinda sifa na haki za wengine. Mizani ipo kwenye maandishi. Tatizo ni kwamba mizani hiyo mahakama huishika mwisho wa kesi, wakati madhara hutokea mwanzo.

Sitaki kudharau hatua iliyopigwa. Machi 28, 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, pale Arusha, ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwemo vile vya kashfa, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kesi hiyo ilifunguliwa na Baraza la Habari Tanzania pamoja na mashirika mengine ya kiraia. Juni 2023 Bunge likapitisha marekebisho, na kashfa ikaacha kuwa jinai chini ya sheria hiyo. Wanahabari walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo ya Arusha, ilikuwa imeamua katika shauri la Lohé Issa Konaté dhidi ya Burkina Faso kwamba kumfunga mwandishi jela kwa kashfa kunavunja Mkataba wa Afrika.

Lakini mlango wa madai ulibaki kama ulivyokuwa. Angalia mama wa genge angejitetea kwa kipi. Sheria ya kashfa tuliyoirithi kwa Waingereza inampa utetezi wa ukweli, utetezi wa maoni ya haki juu ya jambo la umma, na kinga ya aina fulani kwa anayesema kutokana na wajibu wake. Utetezi mzuri, ila wote unathibitishwa kwenye usikilizwaji, kwa mashahidi na vielelezo. Mdai haanzi kwa kuthibitisha kuwa maneno ni ya uongo. Mdaiwa ndiye anayebebeshwa kazi ya kuthibitisha kuwa ni ya kweli. Maji ya kwenye mtaro yanahitaji kupimwa maabara, na mtaalamu wa kuyazungumzia mbele ya jaji. Nani atamlipa?

Kuna watakaosema: si aweke pingamizi la awali? Oda ya VII kanuni ya 11 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu mahakama kuikataa hati ya madai isiyoonyesha sababu ya kushtaki. Ni kweli, lakini kanuni hiyo humtaka jaji aisome hati ya madai kana kwamba yote yaliyoandikwa ndani yake ni kweli. Wakili yeyote anayejua kazi yake ataandika hati isiyoshikika hapo. Atataja maneno, atataja waliosoma, atadai hadhi imeshuka, basi kesi imepita.

Kiasi kinachodaiwa nacho ni silaha. Fidia mahususi, yaani hasara ya kutaja kwa shilingi, lazima ithibitishwe kikamilifu. Fidia ya jumla haina risiti. Mahakama ndiyo huikadiria mwishoni, na kwa hiyo mdai anajiandikia anavyotaka: milioni 500, bilioni 2, bilioni 10. Wanasheria wanajua kwamba tarakimu hiyo haina uzito mkubwa mbele ya jaji. Anayeipokea nyumbani Mbagala au Kimara hajui. Anaona sifuri tu zimepangwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Mbunge akisimama Dodoma akasema maneno yaleyale, kwamba kampuni fulani inamwaga maji machafu kwenye mtaro wa watu, hashtakiki. Ibara ya 100 ya Katiba inamlinda kwa alichosema ndani ya Bunge. Tunakubali, kwa sababu tunajua Bunge lenye hofu halina faida. Mwananchi aliyempa mbunge huyo habari, anayeishi kando ya mtaro wenyewe, ndiye hana ngao. Tuna pia Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, na ni sheria muhimu, lakini inamtazama anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Aliyekwenda ofisini mara kadhaa, akaambiwa arudi kesho, kisha akaamua kuwaambia majirani zake, huyo sheria hiyo haimfikii.

Wenzetu wameshughulikiaje? Nitaanza na Afrika Kusini kwa sababu ni Waafrika wenzetu, na kwa sababu walichofanya hakikusubiri Bunge.

Kampuni za uchimbaji wa madini ya mchanga, zilizofungamana na kampuni mama ya Australia, ziliwashtaki watu sita: mawakili watatu wa mazingira na wanaharakati watatu. Zilidai fidia inayofikia randi milioni 14.25 kwa ujumla wake. Mawakili na wanaharakati hao walikuwa wamezungumza kwa nyakati tofauti kuhusu mgodi wa Tormin na mradi wa Xolobeni. Baadhi ya maneno yaliyolalamikiwa yalitamkwa kwenye mihadhara ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Washtakiwa hawakuishia kusema tulichosema ni kweli. Walisema kesi yenyewe ni matumizi mabaya ya mahakama, imeletwa kutuziba midomo.

Naibu Jaji Kiongozi Patricia Goliath wa Mahakama Kuu ya Western Cape aliukubali utetezi huo mwaka 2021. Kampuni zikakata rufaa, na Novemba 14, 2022 Mahakama ya Katiba ikatoa uamuzi ambao kila wakili wa Dar es Salaam anayeshika kesi za habari anapaswa kuusoma. Ilisema sheria ya kawaida ya nchi ile, kupitia kanuni ya kuzuia matumizi mabaya ya mahakama, tayari ina nafasi ya utetezi huu. Lakini ikaweka masharti. Nia mbaya ya mdai peke yake haitoshi, na udhaifu wa kesi peke yake hautoshi. Mdaiwa aonyeshe kwamba kesi haikuletwa kutafuta haki, kwamba imeletwa kumuumiza kifedha au kwa namna nyingine ili anyamaze, na kwamba inavunja au inaelekea kuvunja uhuru wa maoni kwa kiasi cha kuonekana. Mahakama ilikataa kuwapa washtakiwa njia ya mkato ya kuitupa kesi kwa kusoma nia tu, na nadhani ilifanya vyema. Tajiri naye ana hadhi, na siku moja anaweza kuwa ndiye aliyeonewa.

Ontario, Kanada, walikwenda kwa njia ya sheria, mwaka 2015. Kesi iliyoipima sheria hiyo hadi Mahakama ya Juu, Septemba 2020, ilimhusu mwendelezaji aliyetaka kupima viwanja 91 katika mji wa Sault Ste. Marie. Chama cha wakazi kilipinga. Rais wa chama alitoa ushahidi mbele ya baraza la usuluhishi wa mambo ya ardhi kwamba mradi utaharibu ardhi oevu. Akashtakiwa pamoja na chama chake kwa dola milioni 6. Hapa pana somo ambalo wanaoandika sheria hizi hulisahau: kesi ile haikuitwa kashfa. Iliitwa uvunjaji wa mkataba, kwa kuwa pande hizo zilikuwa zimewahi kuandikiana makubaliano. Mahakama iliangalia shabaha ya kesi, si jina lake, ikaitupa. Tanzania ikitunga sheria inayozungumzia kashfa peke yake, wadai watahamia siku ya pili kwenye mkataba, kuingilia biashara au kuvunja faragha, na tutarudi tulikoanzia.

California ndiyo yenye utaratibu uliokomaa, tangu 1992. Mshtakiwa anayo siku 60 tangu apokee hati za kesi kuomba ifutwe. Aonyeshe kwanza kwamba alichosema kinahusu jambo la umma. Akifaulu, mzigo unahamia kwa mdai, ambaye lazima aonyeshe ushahidi kwamba kesi yake ina uwezekano wa kushinda. Wakati huo shughuli ya kudaiana nyaraka husimama. Na mdai akishindwa analipa ada ya wakili wa mshtakiwa. Kipengele hiki cha mwisho ndicho ninachokipenda kuliko vyote, maana kinampa hata mtu maskini wakili: wakili anajua kwamba kesi ikifutwa, atalipwa na aliyeileta.

Ulaya ilichelewa, ikaamka kwa damu. Mwandishi Daphne Caruana Galizia wa Malta aliuawa kwa bomu la gari Oktoba 16, 2017, akiwa na kesi za kashfa zaidi ya 40 mgongoni. Baadhi ziliendelea dhidi ya warithi wake. Aprili 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la kuzibana kesi za namna hiyo, ingawa linagusa zile tu zenye sura ya kuvuka mpaka wa nchi.

Na Watanzania tumeonja gharama za mambo haya kwenye mahakama za ng'ambo. Marehemu Reginald Mengi, mwenye magazeti na vituo vya utangazaji, alimshtaki London mwanamke Mwingereza, Sarah Hermitage, kwa maandishi yake ya mtandaoni kuhusu mgogoro wa shamba la Silverdale mkoani Kilimanjaro. Novemba 2012 Mahakama Kuu ya Uingereza ilitupilia mbali madai hayo. Siitaji kesi hii kumhukumu marehemu, aliyefanyia nchi hii mambo mengi. Naitaja kwa sababu gharama za mshtakiwa peke yake zilizidi pauni milioni moja, na huyo ni mtu aliyeshinda.

Sasa upande wa pili, ambao siwezi kuuruka. Kashfa ya kweli ipo na inaua. Oktoba 2021 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ilimwamuru mchapishaji wa gazeti Cyprian Musiba na wenzake kumlipa Bernard Membe, waziri wa zamani wa mambo ya nje, shilingi bilioni 6, kwa tuhuma zilizochapishwa dhidi yake. Mtu anayechafuliwa mfululizo, kwa jina lake, kwa tuhuma nzito zisizo na ushahidi, lazima awe na mahali pa kukimbilia. Kinga ninayoitetea isingemzuia Membe kupita, kwa sababu mdai mwenye kesi halali hupita hata kama mlango umewekwa mapema. Ninachohoji ni ukubwa wa fidia. Azimio la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu la mwaka 2019 linasema watu mashuhuri wavumilie ukosoaji mkubwa zaidi kuliko wengine, na adhabu isifikie ukali wa kuzuia haki yenyewe ya kusema. Bilioni 6 humfikia Musiba, lakini zinasikika pia kwa mhariri wa redio ya jamii ambaye hajawahi kumkashifu mtu.

Tuanzie wapi? Majaji wetu hawako mikono mitupu. Kifungu ambacho mawakili wamezoea kukitaja kama cha 95 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinaihifadhia mahakama mamlaka yake ya asili ya kutoa amri za kuzuia matumizi mabaya ya mwenendo wa mahakama. Huo ni msingi uleule waliousimamia Afrika Kusini. Kinachosubiriwa ni wakili wa kuuleta utetezi huo ukiwa umeandikwa vizuri, na jaji wa kuukubali au kuukataa kwa sababu zinazoeleweka ili Mahakama ya Rufani ipate la kusema.

Hata hivyo utetezi wa jaji mmoja mmoja hautoshi kwa mwenye genge, kwa sababu nao unaamuliwa baada ya muda. Tunahitaji kanuni inayomtaka jaji alitazame shauri la namna hii ndani ya siku zinazohesabika, inayosimamisha mengine yote hadi hapo, na inayoweka gharama zote, si sehemu yake, kwa aliyetumia mahakama kama fimbo. Jaji Mkuu ana mamlaka ya kutunga kanuni za mwenendo wa madai kwa ridhaa ya Waziri. Bunge likifuata baadaye kwa sheria kamili, vizuri zaidi, na hapo lisisahau kuzikataza taasisi za umma na halmashauri kumshtaki raia kwa kashfa. Uingereza yenyewe, tuliyorithi sheria yake, iliamua hivyo mwaka 1993 katika kesi ya baraza la Derbyshire. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kifungu chake cha 16 bado kinamtishia mchapishaji wa taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, iwekwe mezani wakati huohuo. La sivyo mdai aliyezuiwa upande wa madai atakimbilia polisi.

Kwa aliyeipokea barua jana na anasoma haya leo: barua ya wakili si hati ya mahakama, na hakuna kiasi unachodaiwa kisheria kwa sababu tu kimeandikwa humo. Lakini usiitupe. Shauri likifunguliwa kweli na ukakabidhiwa hati, kwa kawaida una siku 21 za kuwasilisha utetezi wako wa maandishi. Zikipita kimya, kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja. Tunza picha na ujumbe pamoja na tarehe zake, na majina ya walioshuhudia. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Wakili utakayempata mwombe asiishie kwenye ukweli na maoni ya haki. Aandike wazi kwamba shauri ni matumizi mabaya ya mahakama, na aiambatanishe hukumu ya Afrika Kusini ya Novemba 2022. Haiwafungi majaji wetu, lakini hakuna kinachowazuia kuifuata.